Mwisho wa Juma Mikumi Pamoja na Watoto: Mwongozo Kamili kwa Familia Inayotoka Dar es Salaam

Mara ya kwanza tulipowapeleka watoto wetu Mikumi tulipanga safari kwa kutazama kilomita badala ya kutazama saa. Tuliondoka nyumbani asubuhi jua likiwa limeshapanda, tukasota na malori hadi Chalinze, tukaingia langoni saa 7 mchana, kisha tukazunguka hifadhini saa nne mfululizo kwa sababu tulikuwa tumelipa na tulitaka fedha yetu ionekane. Wanyama wengi walikuwa wamejilaza vivulini. Mtoto wa pili alitapika kwenye kiti, wa kwanza akalala, na simba pekee tuliyemwona siku ile alikuwa mkia uliotokeza nyuma ya kichaka. Tangu hapo tumerudi mara kadhaa, na kila tulipofurahi ilikuwa kwa sababu tulifuata mambo mawili tu: saa ambazo wanyama wanatembea na saa ambazo mtoto anaweza kuvumilia kukaa garini. Mwongozo huu umejengwa juu ya hayo mawili.

Kwa nini Mikumi

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, ikaongezwa eneo mwaka 1975, na leo ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Jina lake limetokana na mikumi, miti jamii ya mivumo inayoota huko. Kwa familia ya Dar es Salaam sifa yake kubwa ni kwamba lango liko umbali wa kilomita 283 hivi kwa barabara ya lami, ambayo inakata hifadhi yenyewe kwa takriban kilomita 50 kuelekea Iringa. Sifa ya pili ni uwanda wa Mkata, mbuga tambarare yenye nyasi iliyozungukwa na milima, ambako twiga, pundamilia, nyumbu, nyati, swala pala na tembo huonekana kwa mbali bila mtoto kuhitaji kufundishwa namna ya kutazama. Upande wa kusini hifadhi inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kwa hiyo wanyama hupita huku na huko.

Kuna wanaotaka kuunganisha Mikumi na maporomoko ya Sanje katika Milima ya Udzungwa ndani ya siku mbili hizohizo. Kwa watu wazima inawezekana. Kwa familia yenye mtoto chini ya miaka minane, siishauri: ni kupanda mlima kwa miguu baada ya safari nyingine ya barabara, na mtakachopata ni uchovu wa sehemu mbili.

Hatua ya kwanza: kuchagua miezi

Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo rahisi kuliko yote. Nyasi zimekauka na kupungua, maji yamebaki sehemu chache, na wanyama hulazimika kuja pale yalipo. Asubuhi za Juni na Julai huwa na ubaridi ambao watoto wa pwani hawakuuzoea, hivyo sweta si mzigo wa bure. Masika, yaani Machi hadi Mei, udongo mweusi wa uwanda hugeuka utelezi na baadhi ya njia hufungwa. Mwenye gari dogo asijaribu kabisa. Baada ya mvua za vuli nchi inakuwa ya kijani na yenye vitoto vya wanyama, picha zake ni nzuri, lakini nyasi ndefu humficha simba hatua chache kutoka kwenye gari.

Ukiweza, epuka mwisho wa juma uliounganishwa na sikukuu. Foleni ya kutoka jijini Ijumaa jioni ya namna hiyo inaweza kula nusu ya furaha yenu kabla hamjaiacha Kibaha.

Hatua ya pili: kibali na mahali pa kulala, mambo yasiyotenganishwa

Hapa ndipo familia nyingi hupoteza fedha. Kibali cha kuingia hifadhini huhesabiwa kwa saa, na utaratibu wa kawaida ni wa kuingia mara moja ndani ya saa 24. Maana yake ni kwamba familia inayoingia Jumamosi saa 9 alasiri na kulala ndani ya hifadhi hupata matembezi ya jioni, usiku mzima, na alfajiri ya Jumapili kwa malipo ya siku moja. Familia inayolala nje, kwenye hoteli za mji mdogo wa Mikumi, ikitoka jioni na kurudi asubuhi inaweza kutakiwa kulipa tena. Kwa hiyo usilinganishe bei ya chumba peke yake; jumlisha bei ya chumba na vibali vya watu wote na gari, ndipo uamue. Nyumba ya kulala ndani ya hifadhi iliyoonekana ghali mara nyingi hugeuka kuwa nafuu. Kabla ya kulipa, mwombe mhudumu akuambie waziwazi kibali chako kinaisha saa ngapi.

Ndani ya hifadhi kuna nyumba za TANAPA, shirika linalosimamia hifadhi za taifa, zilizo karibu na makao makuu, maeneo ya kupiga kambi, na loji za watu binafsi. Nyumba za TANAPA hazina mbwembwe, lakini zina kitanda, choo na bafu, na hujaa mapema msimu wa kiangazi. Ulizia wiki tatu au nne kabla. Kupiga kambi ni raha kwa vijana wa sekondari. Mwenye mtoto anayeamka usiku kwenda haja ndogo afikirie mara mbili, kwa kuwa umbali kutoka hema hadi choo ni mfupi mchana na mrefu sana usiku.

Viwango vya kuingia hutofautiana kwa uraia na umri. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi kiwango cha chini sana kuliko wageni, watoto wa miaka 5 hadi 15 hulipa pungufu ya watu wazima, na walio chini ya miaka 5 hawalipi. Juu ya viwango hivyo huongezwa kodi ya ongezeko la thamani, na gari nalo lina ada yake kulingana na uzito na nchi lilikosajiliwa. Beba vitambulisho vya NIDA vya watu wazima na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Wenye ndugu waliokuja likizo kutoka Ulaya au Marekani wakumbuke kwamba mtoto mwenye pasipoti ya kigeni huhesabiwa mgeni hata kama bibi yake ni mzaliwa wa Kilosa. Malipo hayafanywi kwa fedha taslimu mkononi. Hutolewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo wengi tunaiita kontroo namba, nanyi mnalipa kwa simu au benki. Weka salio la kutosha kwenye simu mbili za mitandao tofauti, kwa sababu mtandao mmoja ukigoma pale langoni mtasimama juani mkitazamana.

Hatua ya tatu: gari

Wakati wa kiangazi njia kuu za uwandani hupitika hata kwa gari dogo lisilo chini mno, na nimeona Noah nyingi zikizunguka bila tabu. Hata hivyo gari lililoinuka lina faida ambayo si ya barabara: mtoto anaona. Kwenye gari la chini mtoto wa miaka mitano huona nyasi na mbingu, basi. Suluhisho la familia nyingi ni kuendesha gari lao hadi Mikumi, kulipumzisha, kisha kukodi gari la wazi la kitalii pamoja na dereva kwa matembezi mawili. Bei hupatanwa, na familia mbili zikigawana gari moja la viti saba au tisa gharama hushuka.

Ukienda na gari lako, kagua tairi la akiba, jeki na spana ya nati za magurudumu siku mbili kabla, wala si usiku wa kuamkia safari. Jaza mafuta Morogoro hata kama mshale hauko chini. Kumbuka pia kwamba hifadhini huruhusiwi kushuka kubadilisha tairi mahali popote kana kwamba uko Ubungo. Likipasuka, piga simu langoni kwanza na ukae ndani hadi askari wa hifadhi wafike.

Njia nyingine iliyofunguka mwaka 2024 ni treni ya SGR kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, ambayo humaliza safari kwa chini ya saa mbili. Kwa familia yenye mtoto anayetapika garini huu ni ukombozi mkubwa. Mkishuka Morogoro mnachukuliwa na gari mlilokodi, na mnabakiwa na kilomita 100 hivi tu za barabara.

Hatua ya nne: mizigo na chakula

Nguo ziwe za rangi ya udongo, kaki au kijani kilichofifia. Hili si suala la mitindo: mbung'o huvutwa na rangi ya bluu iliyokolea na nyeusi, na mbung'o huuma hata kupitia shati. Wapo zaidi kwenye misitu ya miombo kuliko uwandani. Suruali ndefu na mikono mirefu kuanzia machweo, dawa ya kupaka ya kuzuia mbu, na chandarua chenye dawa ikiwa mahali mnapolala hapana uhakika. Mikumi ina malaria. Ongeza kofia, darubini moja kwa kila watoto wawili (moja kwa watoto watatu ni vita), tochi, vidonge vya maumivu vya kipimo cha mtoto, dawa ya kuongeza maji mwilini, na poti kwa mdogo wenu, maana njia ya hifadhini haina vyoo kila kona.

Chakula cha garini kiwe kisichonuka sana wala kisichodondoka. Chapati zilizokunjwa, mayai ya kuchemsha yaliyokwisha menywa nyumbani, karanga, ndizi, na chupa ya chai. Maembe yaacheni hadi mtakaporudi chumbani. Mwaka mmoja tulifungua mfuko wa mkate tukiwa kwenye eneo la mapumziko, vioo vikiwa chini, na nyani mmoja dume akaja kwa hatua za kawaida kabisa kama mtu anayekwenda dukani kwake, akaingiza mkono dirishani, akachukua mkate mzima na kukaa nao mita kumi kutoka kwetu. Mtoto wangu alikuwa ameshika kipande kimoja. Alikitazama kile kipande, akamtazama nyani, kisha akakiweka mfukoni polepole. Dereva alituambia, "Mama, kioo kwanza, mkate baadaye," na hiyo sasa ndiyo kanuni ya gari letu.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, hivyo tumieni vikapu na vyombo vyenye vifuniko. Beba na mfuko wa kitambaa wa takataka. Kila kilichoingia nanyi kitoke nanyi, pamoja na maganda ya ndizi.

Hatua ya tano: Jumamosi barabarani

Ondokeni saa 12 asubuhi, watoto wakiwa bado wamelala na nguo zao za safari. Mkifanya hivyo mtapita Kibaha na Mlandizi kabla ya msongamano, na kwa kawaida mtakuwa Morogoro saa 4 au saa 5. Hapo msiwe na haraka. Tafuteni mahali penye kivuli, watoto wakimbie, mle chakula cha mchana cha kushiba, na aliyeendesha apumzike kweli. Kwenye vijiji na miji angalieni vibao vya kilomita 50 kwa saa. Trafiki wapo, na watoto wanaovuka barabara wapo zaidi.

Mkishapita Doma mtaingia eneo la hifadhi mkiwa bado kwenye barabara kuu. Hapa punguzeni mwendo kama vibao vinavyoelekeza, na ukiwa unaendesha usiudharau ubao unaotaja faini za kumgonga mnyama, kwa sababu tembo na twiga huvuka kweli, wakati mwingine nyuma ya lori lililokuziba. Watoto watapiga kelele wakitaka msimame. Msisimame kwenye lami: malori na mabasi ya Iringa, Mbeya na Tunduma yako nyuma yenu. Waambieni kwamba wanyama haohao wako ndani, ambako hakuna basi.

Hatua ya sita: matembezi ya jioni

Fikeni langoni saa 9 alasiri. Wakati mmoja wenu akishughulikia malipo, mwingine awapeleke watoto wote chooni, hata wanaosema hawajisikii. Ulizeni simba wameonekana wapi leo. Wahudumu na madereva hujua, na swali hilo dogo huokoa saa nzima ya kuzunguka. Ukiweza, chukua mwongozaji wa hifadhi. Malipo yake ni ya haki kabisa ukizingatia kwamba yeye huona sikio la simba pale ambapo wewe unaona jiwe.

Jioni ya kwanza msiende mbali. Nendeni moja kwa moja kwenye bwawa la viboko, takriban kilomita 5 kutoka langoni, mzime gari na mkae. Ushauri huu ndio wenye thamani kuliko mwingine wowote ninaoweza kukupa, na ndio ambao wazazi wengi huukataa kwa kuwa wanaona kukaa ni kupoteza muda. Dakika kumi za mwanzo bwawa huonekana kama maji ya matope yenye mawe ya mviringo. Kisha jiwe moja linapumua. Masikio mawili yanazunguka haraka na kurusha matone, puani panatoka mvuke wa maji, na mtoto anaanza kuhesabu: masikio sita, kwa hiyo viboko watatu, hapana, nane. Pembeni mamba amelala mdomo wazi. Yangeyange wanatua mgongoni mwa kiboko kana kwamba ni kisiwa. Tulikaa pale saa nzima na robo na hakuna mtoto aliyeomba simu. Eneo hilo ni miongoni mwa machache mnayoweza kushuka garini, lakini ni pale tu palipoelekezwa, watoto wakiwa wameshikwa mkono, na kamwe si kwenye ukingo wa maji. Kiboko akiwa nchi kavu humshinda mtu mbio.

Jua likianza kushuka, rudini taratibu kupitia uwandani. Hifadhini haziruhusiwi mbio, kuacha njia, honi, wala muziki. Kuendesha usiku bila kibali maalumu ni kosa, hivyo mwe mmefika malazini kabla ya saa 12 na nusu jioni.

Mkikutana na tembo

Hili nalitenga kwa sababu ndilo linalowababaisha madereva wa mjini. Simama mbali, gari likiwa limekaa namna ambayo unaweza kuondoka bila kugeuza. Usiingie kamwe kati ya mama na mtoto wake, na kundi likivuka njia subiri hadi wa mwisho apite, kwa kuwa karibu kila mara kuna mmoja aliyebaki kichakani. Tembo anayepepea masikio taratibu huku akila anajipoza tu. Anayeyatandaza, akainua kichwa, akakutazama usoni na kutingisha kichwa au kupiga teke vumbi, anakuambia uondoke. Ondoka kinyumenyume, polepole, bila honi. Watoto wafundishwe neno moja kabla ya safari, ambalo likitamkwa kila mtu ananyamaza papo hapo. Sisi tunatumia "maji", na limefanya kazi mara mbili.

Hatua ya saba: usiku na alfajiri

Kuleni mapema na kulala mapema. Usiku mtasikia mengi, na mtoto atauliza kama yule anayelia ni simba. Mara nyingi ni fisi, mwambie ukweli. Usimruhusu mtu yeyote kutembea kati ya nyumba na nyumba bila tochi na bila mlinzi, hata kama ni hatua ishirini.

Jumapili amkeni saa 11 na nusu. Chai na maandazi, kisha muwe njiani saa 12 asubuhi lango la siku linapofunguliwa. Saa mbili zinazofuata ndizo bora kuliko zote za safari: nyasi zina umande, milima ya Uluguru ikiwa upande wa mashariki bado ina ukungu, na simba aliyewinda usiku hajaingia kivulini. Ndipo sasa mwende mbali zaidi, kwenye njia za Mkata na, kwa wenye gari lililoinuka, upande wa Mwanambogo. Waachie watoto kazi: mmoja ahesabu twiga, mwingine atafute nyayo kwenye vumbi la njia, mkubwa aandike orodha ya majina kwa Kiswahili. Pofu, kuro, kongoni, tohe na ngiri ni majina ambayo mtoto wa mjini hayasikii darasani, na akishaliona jina lina pembe na miguu hatalisahau. Simamisheni matembezi saa 4, hata kama kuna mtu amesema simba wako mbele kilomita 12. Mtoto aliyechoka haoni simba.

Hatua ya nane: kurudi

Rudini malazini mle, mwoge, mfunge mizigo, na mtoke langoni kabla muda wa kibali haujaisha, kwa sababu muda ukizidi mtalipishwa. Kuondoka saa 6 mchana kunawafikisha Chalinze jua likiwa bado juu, na sehemu ya mwisho, yenye giza, malori na bodaboda zisizo na taa, mnaipunguza. Dereva akisinzia, simameni, nyumbani hapahami.

Katika wiki na miezi ya mwanzo baada ya kurudi, mtoto yeyote akipata homa, hata akionekana ana mafua tu, apimwe malaria siku hiyohiyo, na mwambieni daktari kwamba mlikuwa hifadhini. Akiwa aliumwa na mbung'o na mahali pale pakavimba kidonda kisichopona, litajeni na hilo pia, bila kusubiri kuulizwa.